Lami Ufukweni: Kuitambua, Kuitoa Mwilini, na Kujua Lini Upige Simu

Mwanangu alikuwa na miaka minne alipoiingiza lami nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumehamia Goleta, jimbo la California, wiki hiyo hiyo, na jioni tukashuka ufukweni karibu na Coal Oil Point kupunga upepo. Tuliporudi, zulia la mwenye nyumba lilikuwa na alama kumi na moja za wayo mdogo mweusi. Nilizihesabu nikiwa nimepiga magoti na kitambaa cha sabuni mkononi, na kila niliposugua, doa lilitanuka. Nikaamini kuna meli imepasuka huko baharini na hakuna aliyetuambia. Jirani yetu, bibi wa makamo ya mama yangu, alipoona mlango uko wazi na mimi nimeinama, alirudi kwake akaja na chupa ya mafuta ya kupaka watoto. Akamkalisha mwanangu kwenye kiti, akampaka nyayoni, akafuta kwa karatasi, na lami ikatoka yote. "Hakuna meli," akaniambia. "Bahari ya hapa ndivyo ilivyo."

Alisema kweli siku ile. Lakini zipo siku ambazo jibu lake lingekuwa kosa kubwa, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu. Mtu anayeishi kando ya mivujo ya asili ya mafuta hukabiliwa na makosa mawili. La kwanza ni kuogopa kila donge jeusi. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuzoea mpaka mafuta ya bomba lililopasuka yanafika miguuni pake naye anasema "ah, ndivyo ilivyo." Dawa ya makosa yote mawili ni kuijua kawaida ya ufukwe wako.

Inatoka wapi

Chini ya Mkondo wa Santa Barbara kuna miamba inayoitwa Monterey. Ilijengwa mamilioni ya miaka iliyopita na mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini vilivyozama, vikafunikwa na tope, vikapikwa na joto la ardhi mpaka vikawa mafuta na gesi. Miamba hiyo imekunjwa na kupasuliwa na mitetemeko, kwa hiyo mafuta hayakubaki yamefungiwa. Hupenya kwenye nyufa, yakatokea kwenye sakafu ya bahari pamoja na mapovu ya gesi. Ukienda kwa mashua siku ya shwari, utaona mapovu yakipanda kama sufuria inayoanza kuchemka, na kila povu limevaa utando mwembamba wa mafuta.

Mivujo ya Coal Oil Point ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Hutoa takribani mapipa 100 hadi 150 ya mafuta kila siku, yaani lita 16,000 hadi 24,000, mchana na usiku. Gesi ni nyingi kiasi kwamba mwaka 1982 kampuni ya ARCO ilishusha piramidi mbili kubwa za chuma chini ya bahari, zikakaa juu ya mvujo mmoja kama kawa juu ya chakula, ili kuikusanya na kuipeleka nchi kavu kwa bomba.

Mafuta yakishafika juu, sehemu nyepesi huruka hewani baada ya saa chache. Kinachobaki huwa kizito, kinachanganyika na maji na mchanga, kinaviringishwa na mawimbi, na hatimaye kinatupwa pwani kikiwa donge la lami. Si yote hufika pwani. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya mabaki hayo mazito huzama na kutandazika kwenye tope la sakafu ya bahari, upande ule mkondo unakoelekea.

Wenyeji wa asili wa pwani hii, Wachumash, wameishi na lami hiyo kwa maelfu ya miaka, na hapa mimi mtoto wa Pemba moyo wangu husimama. Chombo chao cha baharini, tomol, ni cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama mtepe wetu wa zamani. Sisi tuliziba viungo vya vyombo vyetu kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, tukapaka deheni ya shahamu na chokaa. Wao walichemsha lami pamoja na utomvu wa msonobari, mchanganyiko waliouita yop, wakaziba matundu na viungo vyote. Walikuwa na majina mawili ya lami: malak, ile laini inayotupwa na bahari, na woqo, ile ngumu inayochimbwa nchi kavu, ambayo ndiyo iliyofaa kwa chombo. Wahispania walipopita mwaka 1769 wakawakuta watu wanaunda tomol, wakapaita mahali pale Carpinteria, yaani karakana ya useremala. Mji upo hadi leo, na lami bado inachuruzika kwenye kingo za ufukwe wake. Wachumash nao wapo, na bado wanavuka kwa tomol kwenda visiwa vilivyo mbele ya pwani hiyo.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka nyumbani

Angalia upepo na maji. Mkondo na upepo ndio vinavyoamua lami ya leo itatua kwako au kwa jirani. Kwenye pwani ya Goleta lami huongezeka sana miezi ya joto na hupungua wakati wa baridi, mawimbi makubwa yanapoifagia. Maji yakishakupwa, itafute kwenye mstari ule ule ambapo bahari imeacha mwani na takataka, kwa sababu hapo ndipo inapolala. Ukitaka kutembea bila kuikanyaga, tembea chini ya mstari huo, kwenye mchanga mgumu uliolowa.

Weka vitu hivi kwenye mfuko: kandambili za zamani usizozionea uchungu, chupa ndogo ya mafuta (ya nazi, ya kupikia au ya watoto), karatasi za kufutia, na mfuko wa plastiki wa kutia uchafu. Viatu vizuri viache kwenye gari. Wenyeji wengi huwa na jozi moja ya kandambili isiyovuka kizingiti cha mlango, na mimi sasa ninayo ya kwangu.

Hatua ya 2: Ijue sura yake

Donge bichi linang'aa, ni laini kama ubani uliotafunwa, na linanuka kama barabara inayowekwa lami. Donge la zamani limefifia, limejivika mchanga, na nje lina gamba gumu. Usidanganyike na gamba hilo. Jua la saa sita likilipiga, au unyayo ukilibonyeza, linapasuka kama mandazi yasiyoiva na ndani linatoa uji mweusi.

Si kila kitu cheusi ni lami. Jiwe jeusi la kawaida ni zito na ni baridi, nawe ukilikwaruza kwa kijiti halibonyei. Mwani uliokauka unavunjika. Kinyesi cha ndege hakinyumbuki. Mtihani ni kijiti, si kidole.

Usilichome moto na wala usilichemshe, hata kama umesoma habari za tomol ukatamani kujaribu. Mwaka 2017 watafiti walitengeneza upya vibuyu vya kusukwa ambavyo Wachumash walivipaka lami ndani ili kuhifadhi maji, kisha wakapima. Maji yaliyokaa ndani ya vibuyu hayakuwa na sumu nyingi. Hatari kubwa zaidi ilikuwa moshi wa kuyeyushia lami, ambao mtengenezaji aliuvuta. Ukiokota kuni za ufukweni za kuchomea samaki, zitazame kwanza. Mti wenye lami usiingie kwenye moto wako.

Hatua ya 3: Utando juu ya maji

Kwenye vidimbwi vya maji yaliyosalia baada ya kupwa, mara nyingi utaona utando wenye rangi za upinde wa mvua. Si kila utando ni mafuta. Majani na mwani vinavyooza pamoja na bakteria hutoa utando unaofanana sana. Chukua kijiti, uchokoe katikati. Utando wa uozo hupasuka vipande vipande vyenye kona, kama barafu nyembamba, na vipande hivyo hubaki vimetengana. Mafuta hujikunja, yanazunguka kijiti, kisha yanarudi kuungana.

Nje baharini, mafuta hulaza viwimbi. Ukisimama juu ya jabali utaona mabaka laini yanayong'aa kama hariri katikati ya maji yenye mikunjo. Pale Coal Oil Point mabaka hayo yapo karibu kila siku ya utulivu. Rangi inakupa kadirio la unene: utando wa kifedha ni mwembamba kuliko wote, wa upinde wa mvua ni mnene zaidi lakini bado hauzidi mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ule uliogeuka kahawia au mweusi ni mafuta halisi. Hesabu yake ni rahisi. Mikroni moja ya mafuta ikitandazwa kwenye kilomita moja ya mraba ni lita 1,000. Ndiyo maana eneo kubwa la rangi nzuri linaweza kuwa mafuta kidogo, na kibaka kidogo cheusi kinaweza kuwa mengi.

Hatua ya 4: Ikishika mwilini

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na si kwa lami bali kwa dawa wanayoitafutia.

Usitumie petroli. Usitumie mafuta ya taa, dizeli, tineri wala turpentaini. Najua vinatoa lami, na najua kwetu fundi wa gari hunawa petroli kila jioni. Ngozi inavifyonza, vinaichubua, mvuke wake unaingia kifuani, na mtoto aliyepakwa petroli karibu na jiko ni msiba. Lami iliyokaa mguuni nusu saa haina madhara ya kulinganishwa na hayo.

Fanya hivi. Kwanza chota kwa upole kile kinachobanduka, kwa kijiti au kadi ngumu. Halafu paka mafuta kwa wingi: ya nazi, ya alizeti, ya zeituni, ya watoto, yoyote yaliyopo. Lami ni mafuta mazito, nayo huyeyuka ndani ya mafuta mepesi. Maji na sabuni pekee huisukuma tu huku na huku, kama nilivyolifanyia zulia lile. Subiri dakika mbili tatu. Sugua kwa kidole mpaka uone rangi ya kahawia imeanza kutembea. Futa kwa karatasi, si kwa taulo. Rudia mara mbili au tatu, na kila mara tumia karatasi mpya, la sivyo unaipaka upya. Mwisho osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu ili kuondoa mafuta yenyewe. Katikati ya vidole vya miguu na chini ya kucha tumia mswaki wa zamani.

Kwa nywele ni hivyo hivyo, ila uwe na subira zaidi: paka mafuta, chana kuanzia nchani, osha. Ikiingia jichoni usitie mafuta. Suuza kwa maji safi mengi na umwone daktari.

Kwa watu wengi, kugusa lami kidogo kwa muda mfupi hakuleti shida. Wapo wanaotokwa na vipele au mwasho, hasa wenye ngozi nyepesi ya mzio. Vipele visipotulia baada ya kuosha, nenda hospitali ueleze wazi kuwa uligusa lami. Watoto wadogo waangalie sana, si kwa miguu bali kwa mikono, maana mkono wa mtoto safari yake ni mdomoni.

Hatua ya 5: Nguo, zulia, mbwa

Nguo ziweke kwenye friza kwanza, au bonyeza kipande cha barafu juu ya doa. Lami ikipata baridi inakuwa ngumu, nawe unaikwangua kwa kijiko. Kilichobaki kipake mafuta, kisha sabuni ya vyombo, halafu ufue peke yake kwa maji ya moto. Usianike juani wala usitie kwenye mashine ya kukaushia kabla doa halijaisha, kwa sababu joto litalikaza. Karatasi na vitambaa vyenye lami vitie kwenye mfuko na utupe jalalani; kwenye sinki vitaziba bomba.

Zulia lile niliokoa kwa barafu, mafuta kidogo mno kwenye pamba, na sabuni, doa moja baada ya jingine, siku nne.

Mbwa hulamba miguu yake, kwa hiyo mtoe lami kabla hamjaingia garini, kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni ya vyombo, na umsuuze vizuri.

Hatua ya 6: Ni ya asili au ni ajali?

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uisome mara mbili.

Tarehe 28 Januari 1969, kisima kilichokuwa kinachimbwa kwenye Jukwaa A, jukwaa la kuchimbia mafuta baharini nje ya mji wa Summerland, kilipasuka. Mapipa kati ya 80,000 na 100,000 yakaingia baharini, maelfu ya ndege wakafa, na hasira ya watu ikasaidia kuzaa sheria za mazingira za Marekani na Siku ya Dunia ya mwaka 1970. Miaka 46 baadaye, tarehe 19 Mei 2015, bomba la nchi kavu lililoliwa na kutu lilipasuka karibu na ufukwe wa Refugio, na zaidi ya galoni 100,000 zikamwagika, sehemu yake ikapitia mfereji chini ya barabara hadi baharini. Siku ile hakikuanza king'ora cha hatari. Ilianza harufu, na watu walioiona kuwa si harufu ya kila siku.

Dalili zinazoashiria mivujo ya asili ni hizi: madonge yametawanyika, si mkanda, umri wake umechanganyika, mengine mabichi, mengine magumu, mengine yameota mwani, na kiasi chake kinalingana na ulichoona juzi na wiki iliyopita msimu huo huo.

Dalili za ajali: mafuta ya maji maji, si madonge, mkanda mfululizo unaofuata mstari wa maji kwa mamia ya hatua na kufunika mawe yote, umri mmoja, yote mabichi, harufu kali inayouma pua au kichwa, kama uko kituo cha mafuta, ndege wengi au kaa wengi walioathirika kwa mara moja, au mafuta yanayotoka upande wa nchi kavu, kwenye mfereji, kijito au bomba. Dalili hii ya mwisho ikionekana, usisubiri ya pili.

Hata hivyo jicho lina mpaka wake. Mafuta ya bomba la 2015 yalitoka kwenye miamba ile ile ya Monterey inayolisha mivujo, kwa hiyo ni ndugu wa damu. Kuyatenganisha kulihitaji maabara. Kila mafuta yana molekuli ngumu, mabaki ya viumbe vya kale, ambazo hazipotei upesi juani wala majini, na uwiano wake ni kama alama ya kidole. Kwa njia hiyo madonge yaliyotua Manhattan Beach, karibu na Los Angeles, zaidi ya kilomita 150 kutoka Refugio, yalithibitishwa kuwa ya bomba lile. Kwa njia hiyo pia lilifumbuliwa fumbo la kaskazini: kwa miaka mingi ndege walikuwa wanafika pwani ya San Francisco wakiwa na mafuta na hakuna aliyejua chanzo, mpaka mwaka 2002 yalipolinganishwa na mafuta ya meli Jacob Luckenbach iliyozama mwaka 1953. Mafuta yaliyobaki yakanyonywa kutoka kwenye mabaki ya meli hiyo.

Kuna pia kundi la tatu, ambalo si la asili kabisa wala si ajali ya leo. Pale Summerland watu walichimba visima vya mafuta kutoka kwenye gati za mbao tangu miaka ya 1890, wakaviacha bila kuviziba sawasawa. Baadhi vimevuja kwa zaidi ya karne moja huku watu wakisema ni mivujo ya asili. Kimoja kilichosumbua sana, kiitwacho Becker, kilizibwa mwaka 2018. Kwa hiyo neno "asili" lisiwe kifuniko cha kufungia maswali.

Ndipo inapokuja daftari. Ninalo dogo, kurasa za mistari, na kila ninaposhuka ufukweni naandika mambo matano: tarehe na saa, maji yamekupwa au yamejaa, upepo unatoka wapi, idadi ya madonge kwa hatua kumi za mguu kwenye mstari wa mwani, na harufu, ipo au haipo. Dakika tano. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na kitu ambacho kumbukumbu haiwezi kunipa: najua kwamba madonge thelathini mwezi Agosti ni kawaida pale ninapotembea, na thelathini mwezi Januari si kawaida. Ukipiga simu useme "kuna lami nyingi," anayepokea amesikia hivyo mara nyingi. Ukisema "kwa kawaida mwezi huu nahesabu matatu, leo nimehesabu sabini na yote mabichi," unampa kipimo cha kufanyia kazi.

Hatua ya 7: Ukimkuta mnyama

Ndege mwenye mafuta amesimama ufukweni kwa sababu manyoya yake yamepoteza kinga ya maji, naye anaganda kwa baridi. Usimrudishe majini. Usimwoshe. Usimpe chakula. Mwite mbwa wako, watulize watoto, kaa mbali, kisha piga simu kwa mtandao wa kuhudumia wanyama walioathirika na mafuta California: 1-877-823-6926. Mivujo ya asili nayo huathiri ndege kila mwaka, kwa hiyo ndege mmoja si ushahidi wa ajali. Piga hata hivyo.

Hatua ya 8: Kupiga simu

Kwa Marekani nzima namba ya kuripoti mafuta majini ni 1-800-424-8802, saa ishirini na nne. Huhitaji kuwa na uhakika, wala huhitaji kuwa raia. Nawaambia wenzangu wageni hivyo kila mara, maana najua woga wa kupiga simu ya serikali katika nchi ya watu.

Sema uko wapi, kwa jina la ufukwe na alama iliyo karibu. Sema umeona saa ngapi, rangi gani, maji maji au madonge, mkanda una urefu wa hatua ngapi, unaelekea wapi, na kama kuna wanyama. Piga picha mbili: moja ya karibu ikiwa na sarafu au kandambili pembeni ili ukubwa ueleweke, na moja ya mbali inayoonyesha jabali au jengo. Harufu ikikuumiza kichwa, ondoka kwanza, piga baadaye.

Usianze kusafisha ufukwe kwa mikono. Usichukue sampuli usipoombwa. Ukiombwa, tumia kopo la kioo lililo safi na lenye kifuniko, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki huchafua kipimo. Andika juu yake mahali, tarehe, saa na jina lako, na uliweke mahali pa baridi, mbali na chakula.

Kwa walioko nyumbani

Sisi pia tuna mivujo. Pemba kuna Tundaua, ambako mafuta hutoka ardhini upande wa magharibi wa kisiwa. Bonde la Rufiji lina Wingayongo, ambako mchanga umelowa lami. Uganda, kandokando ya Ziwa Albert, mafuta ya Kibiro yalijulikana muda mrefu kabla ya visima vya sasa. Lakini hakuna kati ya hayo kinachomwaga baharini kama Coal Oil Point. Kwa hiyo ukikuta lami kwenye fukwe za Lamu, Kilifi, Bagamoyo au Makunduchi, usianze na wazo la mivujo. Anza na wazo la meli: mafuta machafu ya injini, maji ya kuoshea matangi, au chombo kilichoharibika. Na ukiyaona ndani ya ghuba au kwenye mikoko, harakisha zaidi. Mombasa ya mwaka 1988 inakumbukwa kwa mafuta yaliyomwagika Makupa yakaua mikoko, na mti huo hupumulia mizizi iliyo juu ya tope. Ukifunikwa, unakosa hewa.

Mwambie kwanza mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe wa kijiji chako, kwa sababu yeye anajua nani ametega nyavu wapi asubuhi hiyo. Kenya taarifa iende kwa KMA, mamlaka ya bahari, na NEMA, mamlaka ya mazingira. Tanzania bara kwa TASAC, shirika la masuala ya meli, na NEMC, baraza la mazingira. Zanzibar kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Wavuvi watoe nyavu kabla mafuta hayajafika, na wakulima wa mwani wafungue kamba zao zilizo upande wa nje kwanza. Nyavu ikishaingia lami, iache ikauke kivulini, ikwangue asubuhi kungali na ubaridi, kisha uipitishe mafuta ya nazi fundo kwa fundo na uioshe kwa sabuni mbali na kisima.

Daftari nalo ni lile lile. Ongeza safu moja tu: msimu wa upepo, kusi au kaskazi.